Karibu Madhabahuni: Sadaka za Israeli ya Kale na Mkristo wa Leo

Kiebrania cha Biblia kina neno moja linalofunika karibu kila kitu ambacho Mwisraeli alikipeleka mbele za Mungu, kuanzia fahali hadi konzi ya unga. Neno hilo ni korbani, na mzizi wake ni kukaribia. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, maana mzizi huohuo, kwa kupitia Kiarabu, ndio uliotupa neno tunalolitamka mlangoni kila siku: karibu. Kwa jina lake la asili, basi, sadaka ni kitu kinachosogezwa, na aliyekishika husogea pamoja nacho.

Nalitaja hili mapema kwa sababu mahubiri mengi huanzia kwingine. Mhubiri akifika Mambo ya Walawi, kama anafika, husema mnyama alikufa mahali pa mwenye dhambi, kisha huruka moja kwa moja hadi Golgotha. Kuruka huko kuna msingi katika Agano Jipya lenyewe. Lakini njiani huachwa mikate, chumvi, nyama iliyoliwa na jamaa na wageni, na sheria ya kumrudishia mtu mali yake pamoja na nyongeza. Sura saba za kwanza za kitabu hicho zinaeleza sadaka za aina tano, na kati ya hizo ni mbili tu zilizowekwa mahususi kwa ajili ya makosa. Anayezisoma zote tano kama moja hupoteza nyingi.

Maneno tuliyoyakuta

Karibu haliko peke yake. Dhabihu ni zevahi ya Kiebrania, madhabahu ni mizbeahi, kuhani ni koheni, ubani ni levona, nadhiri ni nederi, na damu ni damu. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na maneno haya yalikuwa yamezoeleka pwani kabla wafasiri wa Biblia hawajafika. Biblia ya Union Version ilipokamilika mwaka 1952, Walawi walizungumza Kiswahili bila kutafutiwa msamiati mpya.

Kafara nalo ni la ukoo huo. Ni ndugu wa kitenzi cha Kiebrania tunachokitafsiri kufanya upatanisho, kile kilichoipa jina Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Mwislamu hutoa kafara kwa kiapo alichokivunja, na magazeti huandika mbuzi wa kafara kila mdogo anapobebeshwa makosa ya wakubwa.

Kuna mtego mmoja. Tunasoma juu ya sadaka ya dhambi na sadaka ya hatia kana kwamba ni mapacha waliopewa majina tofauti ili wasichanganywe. Kwa Kiebrania sadaka ya dhambi ni hatati, na hatati ndiyo yenye mzizi mmoja na neno letu hatia. Ile tunayoiita sadaka ya hatia jina lake ni ashamu, na maana yake inakaribia deni: kosa linalodai kulipwa. Majina yamehama nafasi moja, na msomaji asipoambiwa hataona tofauti.

Neno sadaka lenyewe limebeba mizigo miwili. Kwa Kiebrania tsedaka ni haki, na baadaye lilikuja kumaanisha msaada kwa maskini. Mnyama wa madhabahuni hakuitwa hivyo. Kiswahili kimeweka fahali wa Haruni, bahasha ya Jumapili na sarafu ya ombaomba chini ya neno moja. Mkanganyiko wa leo kuhusu utoaji umeanzia humo kwa sehemu, japo mkanganyiko huo una busara yake, kama tutakavyoona kwa manabii.

Mahali na wakati

Waisraeli hawakubuni sadaka. Mabamba ya udongo yaliyoanza kufukuliwa mwaka 1929 huko Ugarit, pwani ya Syria, yana majina ya sadaka yanayofanana waziwazi na ya Walawi, ikiwemo ile ya amani. Ndani ya Yuda kwenyewe palikuwa na madhabahu nje ya Yerusalemu. Ngome ya Arad, katika jangwa la Negebu, ilikuwa na hekalu dogo lenye madhabahu mbili za kufukizia. Mabaki yaliyoganda juu yake yalipopimwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2020, moja ilikuwa na ubani uliochanganywa na mafuta ya mnyama, na nyingine bangi iliyochanganywa na kinyesi cha mnyama. Kitabu cha Walawi hakitaji bangi hata mara moja, na pengine tofauti hiyo inatueleza kwa nini wafalme kama Hezekia na Yosia walitaka ibada yote ihamie Yerusalemu chini ya macho ya makuhani.

Hekalu la kwanza lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo. La pili lilisimama kuanzia takriban mwaka 516 kabla ya Kristo hadi 70 baada yake. Mapokeo yanaziweka sheria za sadaka mkononi mwa Musa. Wataalamu wengi wanaona maandishi yalipata umbo lake la mwisho karibu na wakati wa uhamisho wa Babeli, yakihifadhi desturi za zamani zaidi.

Inayopanda na inayookwa

Sadaka ya kuteketezwa inaitwa ola, inayopanda, kwa sababu yote hupanda kwa moshi. Utaratibu wake unashangaza kwa kazi iliyoachiwa mlei. Mtu anamleta fahali, kondoo au mbuzi dume asiye na kilema mpaka mlangoni pa hema ya kukutania. Anauweka mkono wake juu ya kichwa cha mnyama, kisha anachinja yeye mwenyewe. Kuhani anaipokea damu na kuinyunyiza pande zote za madhabahu. Mnyama huchunwa, hukatwa vipande, matumbo na miguu huoshwa kwa maji, kila kipande hupangwa juu ya kuni. Ngozi peke yake hubaki, nayo ni ya kuhani. Asiye na mnyama huleta hua au kinda la njiwa.

Kila asubuhi na kila jioni mwana-kondoo mmoja aliteketezwa kwa niaba ya taifa zima, pamoja na unga, mafuta na divai. Moto wa madhabahu haukuruhusiwa kuzimika.

Sadaka ya unga, minha, haina damu kabisa. Ni unga mwembamba, mafuta, ubani na chumvi. Inaweza kuokwa tanurini, kukaangwa juu ya chuma au kupikwa chunguni, na mwanamke yeyote wa nyumbani aliyewahi kupaka mkate mafuta angeielewa sura ya pili ya Walawi haraka kuliko mwanateolojia. Kuhani huchota konzi moja na kuichoma. Inayobaki ni chakula chake, kwa kuwa kabila la Lawi halikupewa fungu la ardhi. Chachu na asali haziruhusiwi motoni. Chumvi hailazimishwi popote kwa ukali kama hapa, nayo inaitwa chumvi ya agano. Nje ya ibada, minha ni zawadi ambayo mdogo humpelekea mkubwa. Yakobo alimtangulizia Esau makundi ya mifugo kabla hawajaonana, na mifugo ile iliitwa minha. Kaini na Habili walileta minha, mmoja mazao na mwingine wanyama, na neno ni hilohilo kwa wote wawili.

Nyama ya amani

Hapa ndipo ningetaka msomaji akae zaidi, kwa sababu ndipo wahubiri wanapopita wakikimbia. Sadaka ya amani, shelamimu, ina mzizi wa salama yetu. Mtu huileta akiwa na shukrani, akitimiza nadhiri, au kwa hiari ya moyo tu. Damu hunyunyizwa madhabahuni kama kawaida. Kinachochomwa ni mafuta yanayofunika matumbo, figo mbili, kitambi cha ini, na kama ni kondoo, mkia wa mafuta mzima, ukikatwa karibu na uti wa mgongo.

Msomaji aliyelelewa mjini huona mkia huo ni maelezo ya ziada. Mfugaji wa Kimasai haoni hivyo. Kondoo wekundu wa Wamasai ni wa jamii ya wenye mkia wa mafuta, na anayewachunga anajua kwamba ile nyama laini inayoning'inia nyuma ni akiba ya mnyama kwa kiangazi, na kwa mlaji ni kipande cha thamani. Sheria ilisema kipande hicho kiende motoni. Mungu alipewa kile ambacho mezani kingegombaniwa.

Kidari huenda kwa makuhani wote na paja la kulia kwa kuhani aliyehudumu. Nyama yote iliyobaki, yaani sehemu kubwa ya mnyama, hurudi kwa mwenyewe aile pamoja na watu wake mbele za Bwana. Kisha inakuja sheria ndogo yenye akili nyingi: nyama ya shukrani ni lazima iishe siku hiyohiyo, isilale. Ya nadhiri na ya hiari inaweza kufika kesho yake, ila siku ya tatu iliyobaki huchomwa. Piga hesabu. Mtu mwenye mke na watoto watano hawezi kumaliza fahali kabla ya alfajiri. Atawaita majirani, atawaita ndugu, na Kumbukumbu la Torati inamkumbusha mgeni, yatima, mjane na Mlawi. Shukrani ambayo haiwezi kukaushwa wala kufungiwa inamlazimisha mwenye nayo kualika.

Pamoja na nyama ya shukrani ililetwa mikate, na miongoni mwake iliyotiwa chachu, jambo la nadra katika ibada hii. Marabi waliokuja baadaye walifundisha kwamba katika zama zijazo sadaka zote zitakoma isipokuwa hiyo ya shukrani.

Mkristo anayeshiriki Chakula cha Bwana amekaa karibu na meza hii kuliko anavyodhani. Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anajenga hoja yake kwa kuwatazama Waisraeli wanaokula dhabihu na kwa kula huko wakashirikiana na madhabahu. Katika Kutoka 24 agano linatiwa muhuri kwa damu ya sadaka za kuteketezwa na za amani, kisha wazee wa Israeli wanapanda mlimani, wanamwona Mungu, wanakula na kunywa. Mwanateolojia wa Kijerumani Hartmut Gese alihoji kwamba mizizi ya mlo wa Wakristo iko katika sadaka ya shukrani. Si wote waliomkubali. Lakini Wakristo wa kwanza waliuita mlo huo ekaristi, na ekaristi kwa Kigiriki ni shukrani.

Damu ilikwenda wapi

Sadaka ya dhambi inaeleweka vizuri ukiifuata damu. Kuhani mkuu akikosa, au taifa zima likikosa, damu ya fahali huingizwa ndani, hunyunyizwa mara saba mbele ya pazia, na kupakwa kwenye pembe za madhabahu ya kufukizia. Mtawala au raia akikosa, damu hupakwa kwenye pembe za madhabahu ya nje. Aliyekosa hapakwi hata tone. Jacob Milgrom, rabi na mtaalamu aliyefariki mwaka 2010 baada ya kuandika ufafanuzi wa Walawi wenye majuzuu matatu, aliujenga uelewa wake juu ya ukimya huo. Kwake hatati ni sadaka ya kusafisha, na kinachosafishwa ni nyumba ya Mungu. Makosa ya watu, hata wakiyatendea mbali, huenda kutua patakatifu, kama kibatari kinachowashwa sebuleni lakini masizi yake yakaonekana darini. Kosa dogo huchafua ua, kubwa hupenya ndani zaidi. Nyumba isiposafishwa, mwenyewe huhama. Ndivyo Ezekieli anavyouona utukufu ukiondoka hekaluni.

Hoja hiyo inatatua kitendawili cha zamani. Mwanamke aliyejifungua alileta sadaka ya dhambi, na kuzaa si dhambi. Aliyepona ukoma alileta vilevile. Wote wawili walihitaji kutakaswa, na hapakuwa na kesi ya kusikilizwa.

Mary Douglas, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyejifunza kazi yake kwa Walele wa Kasai, Kongo, alifika kwa Walawi kwa njia nyingine. Baada ya kuona jinsi Walele walivyopanga wanyama na miiko yao, aliandika kitabu chake maarufu juu ya usafi na hatari mwaka 1966, na mwaka 1999 akarudi na kitabu kizima kuhusu Walawi, akiwaonya wasomaji wa Ulaya wasione ushamba mahali penye mpangilio wa fikra. Mkristo wa Afrika Mashariki anayeambiwa kwamba Walawi ni kitabu kigumu angeweza kumuuliza bibi yake juu ya miiko ya uzazi na msiba, kisha akirudi kwenye sura ya 12 ataisoma kwa urahisi zaidi.

Jambo jingine ni bei. Sadaka ya dhambi ilipangwa kwa hadhi: kuhani mkuu fahali, mtawala mbuzi dume, raia mbuzi jike au kondoo jike. Asiyeweza alileta ndege wawili. Asiyeweza hata ndege alileta sehemu ya kumi ya efa ya unga, lita mbili na ushei, bila mafuta wala ubani, na unga huo mkavu ulimtosha kusamehewa. Hesabu hii ndiyo inayomfanya Luka aandike bila kufafanua kwamba siku arobaini baada ya kuzaliwa Yesu wazazi wake walipeleka ndege wawili. Sheria ya mzazi ilidai mwana-kondoo pamoja na ndege mmoja, na ndege wawili lilikuwa fungu la asiyeweza mwana-kondoo. Aliyezoea hesabu ya Walawi alijua papo hapo mtoto huyu katoka nyumba gani.

Sehemu ya tano juu yake

Sadaka ya hatia, ile ashamu, ilimhusu mtu aliyemdhulumu mwenzake. Kakana amana aliyowekewa, kanyang'anya, au kaokota kilichopotea na kuapa kwamba hakukiona. Chukua mfano wa siku hizi: shilingi 500,000 zimeingia kwenye simu yako kwa kukosewa namba, mwenyewe anapiga, wewe unazima. Moyo ukikugeuka, Walawi sura ya 6 inakuanzisha na fedha. Unarudisha zote 500,000, unaongeza sehemu ya tano, yaani 100,000, na unamkabidhi mwenyewe siku hiyohiyo unayoleta sadaka. Ndipo kondoo dume wako anapokelewa.

Mpangilio huo hauna njia ya mkato. Madhabahu haikupokea mnyama wa mtu aliyeificha pesa ya mwenzake. Yesu anaufahamu vizuri anapomwambia mtu aliyefika na sadaka yake aiache palepale, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Zakayo, aliyelipa mara nne, aliipita sheria hiyo kwa mbali. Na Isaya 53, sura ambayo Wakristo wameisoma kuhusu msalaba tangu siku za Filipo na mtunza hazina wa Kushi, inasema maisha ya Mtumishi yalifanywa ashamu. Nabii alichagua neno lenye deni na fidia ndani yake, na kwa maoni yangu hili ni moja ya mambo yanayotajwa kidogo mno katika mahubiri ya Ijumaa Kuu. Wachaga walikuwa nalo, na wengi bado wanalo, jani la sale ambalo mkosaji humpelekea aliyemkosea, na jani hilo likipokelewa ugomvi huisha. Hawakulitoa kwa Walawi. Ila Mchaga akielezwa ashamu haombi mfano wa pili.

Mbuzi asiyechinjwa

Siku ya Upatanisho, siku ya kumi ya mwezi wa saba, kuhani mkuu huvua mavazi yake ya fahari na kuvaa kitani tupu. Anachinja fahali kwa ajili yake na nyumba yake. Anaingia nyuma ya pazia na chetezo, moshi wa uvumba ukifunika kiti cha rehema ili asife, naye ananyunyiza damu mara saba. Kisha mbuzi wawili wanapigiwa kura. Mmoja, wa Bwana, anachinjwa na damu yake inasafisha patakatifu. Juu ya kichwa cha wa pili, wa Azazeli, kuhani anaweka mikono yote miwili, anaungama makosa yote ya taifa, na mbuzi anapelekwa jangwani akiwa hai.

Tunaposema mbuzi wa kafara tukimaanisha anayebebeshwa makosa ya wengine, tunamzungumzia huyu wa pili, ambaye hakuchinjwa. Na ni siku hii tu, na kwa huyu tu, ambapo maandiko yanasema wazi kwamba dhambi ziliwekwa juu ya mnyama. Mkono mmoja uliowekwa juu ya ola au sadaka ya amani, kwa wataalamu wengi, ulimaanisha kitu cha kawaida zaidi: huyu ni wangu, mimi ndiye ninayemtoa.

Walioigombeza madhabahu

Amosi, Hosea, Isaya na Mika walizikemea sadaka kwa maneno makali kiasi kwamba wengine hudhani walitaka zifutwe. Ukiwasoma kwa makini, walichokiona ni watu waliojaza nyua za hekalu huku mizani yao sokoni ikiwa ya uongo na wajane wakiporwa mahakamani. Yaani walileta ola bila ashamu. Zaburi ya 51 ina sababu nyingine. Kichwa chake kinaihusisha na Daudi baada ya Bathsheba na mauaji ya Uria, na kwa uuaji wa makusudi sheria haikuwa na mnyama yeyote wa kutoa. Mfalme alisimama mbele za Mungu mikono mitupu kwa sababu hapakuwa na cha kushika.

Moto ulizimika kweli mwaka 70, Warumi chini ya Tito walipoliteketeza hekalu. Wayahudi walijenga maisha juu ya sala za saa zilezile za sadaka ya asubuhi na jioni, kusoma Torati na kusaidia maskini. Rabi Yohanani ben Zakai anakumbukwa kwa kumfariji mwenzake aliyelilia magofu kwamba matendo ya huruma ni upatanisho ulio sawa na ule uliopotea. Hapo tsedaka ikachukua kazi ya korbani, na Kiswahili, kwa kuziita zote sadaka, kimefika hapohapo kwa njia yake. Wasamaria hawakuacha, juu ya mlima Gerizimu wanachinja kondoo wa Pasaka kila mwaka hadi leo.

Wakristo walivyozisoma

Wafuasi wa kwanza wa Yesu hawakulikimbia hekalu. Kitabu cha Matendo kinamwonyesha Paulo, miaka mingi baada ya kuongoka njiani kwenda Dameski, akilipia sadaka za watu wanne waliokuwa na nadhiri. Lakini tayari walikuwa wanausoma msalaba kwa lugha ya madhabahu, na hawakushika picha moja. Kwa Paulo Kristo ni mwana-kondoo wa Pasaka, ambaye katika asili yake hakuwa wa dhambi bali wa kutoka utumwani. Katika Warumi 3 anatumia neno hilasterioni. Union Version imelitafsiri upatanisho, na neno hilohilo katika Waebrania 9 ikaliita kiti cha rehema. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuona kwamba Paulo huenda anasema Yesu ndiye mahali pale nyuma ya pazia ambapo damu ilinyunyizwa. Ugomvi kuhusu neno hilo, kama ni kutuliza hasira au kufuta uchafu, uliwashughulisha wataalamu C. H. Dodd na Leon Morris katika karne ya 20 na haujaisha.

Waraka kwa Waebrania ndio uliokwenda mbali zaidi. Kwake Yesu ni kuhani na sadaka kwa pamoja, na ameingia mara moja tu. Mwandishi anashika hata jambo dogo: nyama ya fahali wa dhambi, ambaye damu yake iliingizwa ndani, ilichomwa nje ya kambi, na Yesu naye aliteswa nje ya lango. Na bado, katika sura yake ya mwisho, sadaka hazijaisha. Zimebaki sifa za midomo, kutenda mema na kushirikiana mali. Paulo aliyefungwa gerezani alipopokea msaada wa Wafilipi kwa mkono wa Epafrodito, aliuita harufu nzuri, msemo uleule wa moshi wa ola.

Makanisa yaligawanyika juu ya mara moja hiyo. Didake, mwongozo wa Wakristo wa zamani sana, tayari unaiita ekaristi dhabihu. Martin Luther mwaka 1520 aliikataa Misa kama sadaka inayotolewa na wanadamu, na Mtaguso wa Trento mwaka 1562 ukajibu kwamba Misa ni sadaka ya kweli, ileile ya msalaba ikiwekwa mbele yetu bila kumwaga damu. Mkatoliki wa Songea husema Sadaka ya Misa na altare. Mlutheri wa Moshi husema Chakula cha Bwana na Meza ya Bwana. Ukizipima kauli hizo mbili kwa Walawi, kila upande umeshika kipande cha sadaka ya amani: mmoja damu iliyopanda madhabahuni, mwingine nyama iliyorudi mezani.

Bahasha, mbegu na mnada

Katika mikutano mingi ya maombezi leo madhabahu ni neno la kila dakika. Kuna madhabahu za ukoo za kubomolewa, na sadaka za kuvunja laana zenye kiwango kilichotajwa kipazani. Kinachonikera si wingi wa sadaka. Ni kwamba Walawi inanukuliwa kinyume. Sheria ilishusha bei kadiri mtu alivyokuwa maskini, mpaka ikafika pishi ya unga. Mimbari hizi humwambia mpangaji wa chumba kimoja kwamba mbegu yake ni ndogo ndiyo maana hajavuna. Na neno korbani lenyewe linaonekana katika Injili ya Marko, sura ya 7, ambapo Yesu anawakemea watu waliotangaza mali yao ni Korbani ili wasiwasaidie wazazi wao.

Desturi nyingine imekuwepo kimya kimya kwa miongo mingi katika sharika za vijijini. Asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, mayai, muwa, au kuku aliyefungwa miguu. Vitu hivyo huwekwa mbele, mchungaji huviombea, na baada ya ibada mzee wa kanisa husimama nje chini ya mti na kuanza mnada. Kuku wa shilingi 15,000 hupanda hadi 30,000 kwa utani na kelele, watu wakichangishana. Mara nyingi aliyemnunua hamchukui. Humpa mgeni aliyekuja siku hiyo, au mjane wa jirani, pengine yuleyule aliyemleta, naye huondoka naye kwapani. Jioni hiyohiyo sufuria huwa jikoni.